Rangi zipo, mtu wa kurudi ndiye hayupo

Ikifika tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, mitaa ya Nairobi haikosi hema. Litapigwa Mathare, au Mukuru, au Korogocho. Fulana za mfadhili zitagawanywa, watoto wataketishwa kwenye mikeka, wapewe karatasi za manila na krayoni. Kufikia saa saba picha zimeanikwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo na mgeni wa heshima anapita akizitazama, mpiga picha nyuma yake. Pana nyumba, pana jua, pana matatu, pana bendera. Mahali fulani kwenye kamba ile pana picha ya mtoto aliyejichora akijificha chini ya kitanda, na mtu mwenye fulana anaielekezea simu. Saa kumi hema limeng'olewa. Ripoti itasema watoto wa mtaa huo walipata tiba ya sanaa.

Sina ugomvi na siku ya watoto kufurahi. Mtoto wa Korogocho kushinda asubuhi nzima akipaka rangi ni jambo jema lenyewe, halihitaji jina la kitabibu ndipo liheshimike. Ugomvi wangu ni na hilo jina. Tiba ya sanaa ina masharti yake, na kwa mtoto aliyedhulumiwa masharti hayo ndiyo yanayoamua kama kidonda kitapona au kitatoneshwa. La kwanza halinunuliwi River Road pamoja na rangi. Ni mtu mzima mmoja, yule yule, atakayerudi wiki ijayo saa ile ile, na wiki itakayofuata, na nyingine tena. Hilo ndilo tusilotaka kulilipia.

Ukubwa wa jambo unajulikana. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2019 kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliwauliza vijana wa miaka 18 hadi 24 yaliyowafika kabla hawajatimiza miaka 18. Asilimia 45.9 ya wanawake na asilimia 56.1 ya wanaume walisema walipitia ukatili wa aina moja au zaidi: wa mwili, wa kingono au wa kihisia. Wa kingono peke yake ulitajwa na asilimia 15.6 ya wanawake na asilimia 6.4 ya wanaume. Katika utafiti wa kwanza, wa 2010, karibu thuluthi moja ya wanawake walisema walidhulumiwa kingono utotoni, kwa hiyo nafuu ipo na haifai kuibeza. Ila hesabu ya wavulana isipite hivi hivi. Wamewazidi wasichana kwa sababu wanapigwa zaidi, na hapa kwetu kipigo cha mvulana huitwa malezi hadi siku atakapopelekwa hospitali.

Mtoto aliyedhulumiwa akipata unyogovu, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, mara nyingi halii. Anakasirika upesi. Anaumwa tumbo kila Jumatatu na zahanati haioni kitu. Analala darasani kwa kuwa usiku halali. Anaanza kukojoa kitandani akiwa na miaka tisa. Aliyekuwa hodari wa kucheza kati sasa anakaa kwenye ngazi na kusema hataki. Mwalimu mwenye darasa la watoto 70 anamwona mtundu au mzembe, na dawa ya vyote viwili anaijua, hata kama Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 iliipiga marufuku.

Nairobi imejitahidi katika saa za mwanzo baada ya dhuluma, tuseme ukweli. Nairobi Women's Hospital ilifungua kituo chake cha waathiriwa wa ukatili wa kijinsia mwaka 2001. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka limewahudumia waathiriwa Mathare kwa miaka mingi bila malipo. Wahudumu wa hospitali za umma wanajua kwamba dawa za kukinga virusi vya HIV zianzwe ndani ya saa 72. Ipo fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha, lipo dawati la jinsia kituoni, ipo namba 116 ya msaada kwa watoto, ya kupiga bila malipo. Lakini mfuate mtoto katika safari hiyo na utaona kwamba kila meza inataka maneno. Mama anataka kujua ni nani. Polisi anataka tarehe. Daktari anauliza upya kwa ajili ya fomu yake. Afisa wa watoto anauliza, mwendesha mashtaka atauliza, na wakili wa mshtakiwa naye atauliza kwa namna yake. Mara nyingi anayetajwa ni mjomba, baba wa kambo, au jirani anayeachiwa ufunguo mama akienda kibaruani. Kikulacho ki nguoni mwako, na kila neno la mtoto linabomoa kitu nyumbani. Anapofikishwa kwa mshauri nasaha, maneno ama yamemwisha, ama yamekuwa shairi analokariri bila kulisikia. Mshauri akifungua daftari na kusema, "Haya, nieleze," ameongeza meza nyingine tu.

Hapo ndipo karatasi inapofaa, na kikao chenyewe hakina cha kupigia picha. Chumba kina mlango unaofungika, na mtoto ameambiwa anaweza kuufungua wakati wowote. Meza, viti viwili vya kimo kimoja, boksi lenye jina lake. Dakika 45. Wiki za mwanzo hakuna anayetaja yaliyotokea. Anaombwa achore mahali anapojiona salama, na hapo mshauri hufunzwa Nairobi asiyoijua. Mmoja atamchora shosho na jiko la makaa ushago. Mwingine atachora juu ya paa la ghorofa huko Huruma, panapoanikwa nguo. Mwingine atachora darasa tupu saa ambayo wenzake wote wamekwenda nyumbani. Na yupo ambaye hatachora chochote. Atabonyeza krayoni hadi ivunjike, achukue nyingine, aivunje nayo, na mshauri anayejua kazi yake atalisogeza boksi karibu.

Mshauri huyo haulizi "hiki ni nini?" wala "mbona huyu amejificha?" Anasema, "Niambie kuhusu picha yako," kisha ananyamaza. Kunyamaza huko ndiko kugumu, hasa kwetu sisi tuliolelewa na watu wazima wenye majibu yote.

Mtoto hapati faida kwa kuwa amechora vizuri. Kwanza, halazimiki kumtazama mtu usoni. Macho ya wote wawili yako mezani. Anaweza kusema kwamba paka wa pichani anaogopa usiku, na wiki tatu zikapita wakizungumza habari za paka. Anaweza kuacha katikati, akaifunika, akaipasua. Aliyedhulumiwa alinyang'anywa uamuzi juu ya mwili wake mwenyewe, na kwenye karatasi anauamua kila mstari. Kisha unyogovu una tabia ya kumwambia mtu kwamba hawezi lolote na hakuna litakalobadilika. Maneno hayo hupata shida kidogo mbele ya kikombe cha udongo kinachosimama bila kuegemea, kilichofinyangwa na yule yule asiyeweza lolote. Sisemi udongo unatibu. Nasema mtoto aliyekata tamaa huhitaji ushahidi wa kushikika, na pongezi za mtu mzima hazimtoshi.

Niwageukie sasa wanaosoma picha za watoto kana kwamba ni eksirei. Semina ya siku mbili inatosha kumjaza mtu imani kwamba nyeusi ni huzuni, nyekundu ni hasira, na mtu asiye na mikono ni mtoto aliyeguswa vibaya. Nyumba iliyopakwa nyeusi tii huenda ni ya mtoto aliyelifikia boksi wa mwisho akakuta krayoni nyeusi ndiyo iliyobaki. Huenda ni nyumba iliyoungua kweli. Mabati ya Mukuru huungua na watoto huyaona. Watoto wengi wadogo ambao hawajaguswa na yeyote husahau kuchora mikono. Hakuna alama moja ya pichani inayoweza kutegemewa kumtambua mtoto aliyedhulumiwa, na watu wameitafuta kwa miongo. Kilichoonekana katika tafiti ni jambo dogo zaidi na lenye manufaa zaidi: mtoto anayechora huku akisimulia husimulia mengi kuliko anayeulizwa tu, mradi anayemsikiliza asimtilie maneno kinywani.

Kwa sababu hiyo mchoro wa kikaoni usiwekewe matumaini ya kuwa kielelezo mahakamani. Sheria yetu haiudai. Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinairuhusu mahakama, katika kesi za makosa ya kingono, kumtia mshtakiwa hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli na kuandika sababu zake. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 nayo inamruhusu shahidi aliye katika hali dhaifu kutoa ushahidi kupitia mtu wa kati. Mshauri anayemhimiza mtoto aongeze mtu fulani pichani anaharibu tiba na kesi kwa pamoja, na wakili wa upande wa pili atamshukuru kimoyomoyo.

Je, yote haya yanafanya kazi? Wanaoipigia debe tiba ya sanaa huzungumza kana kwamba jambo lilishakwisha. Bado. Tafiti nyingi kuhusu watoto waliodhulumiwa ni ndogo, aghalabu hazina kundi la kulinganisha, na zimepima dalili za kiwewe kuliko unyogovu wenyewe. Mwaka 2012 jarida la BMJ lilichapisha matokeo ya jaribio kubwa la Uingereza liitwalo MATISSE, la watu wazima 417 wenye skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili. Waliopangiwa vikundi vya sanaa hawakupata nafuu kuliko wenzao, na wengi hawakuhudhuria inavyopaswa. Skizofrenia ya mtu mzima si unyogovu wa mtoto, najua. Hata hivyo yeyote anayetaka serikali ya kaunti igharamie tiba hii afaa alisome jaribio lile kabla hajaomba pesa, maana ataulizwa.

Upande wa pili upo ushahidi wa karibu na nyumbani, na huo ndio ulionishawishi. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililowahusu watoto mayatima 640 wa miaka 7 hadi 13, nusu yao Bungoma na nusu Moshi, Tanzania. Walipewa tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe, vikao 12 vya kikundi na vichache vya mtoto peke yake, na walioiendesha hawakuwa wataalamu wa saikolojia. Walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa. Bungoma, mjini na mashambani, dalili za kiwewe zilipungua kuliko kwa watoto waliopata huduma za kawaida. Mjini Moshi tofauti haikuonekana. Katika tiba ya aina hiyo mtoto husimulia yaliyompata kidogo kidogo, na mdogo asiyeweza kuandika huchora. Mwaka uliofuata Taasisi ya Shamiri, inayoshughulikia afya ya akili ya vijana, ilichapisha jaribio la wanafunzi 413 wa shule nne za sekondari za Nairobi na Kiambu. Vikao vinne tu, vikiongozwa na vijana waliomaliza shule juzijuzi, vilipunguza dalili za unyogovu na wasiwasi kuliko masomo ya mbinu za kusoma waliyopewa wenzao. Shamiri hawakutumia rangi na hawakuwalenga waliodhulumiwa. Ninachokiona katika majaribio yote mawili ni mpango unaoeleweka, mtu aliyefunzwa, na msimamizi anayemfuatilia. Mchoro upewe nafasi ndani ya mpango wa namna hiyo, hasa kwa watoto wadogo na kwa wasiotaka kusema. Ukiachwa peke yake utabaki kuwa burudani.

Na yupo mtoto ambaye hafai kusubiri mpango wowote. Anayesema anataka kufa, aliyeacha kula, anayejikata, huyo anahitaji daktari wa akili siku hiyo hiyo.

Katika makongamano ya tiba ya sanaa kuna hadithi isiyokosa kusimuliwa. Friedl Dicker-Brandeis, msanii mzaliwa wa Vienna, alifungwa na Wanazi katika kambi ya Terezín mwishoni mwa 1942, na humo akawafundisha mamia ya watoto kuchora, kwenye makaratasi yoyote yaliyopatikana. Mwanafunzi wake wa zamani, Edith Kramer, alikuwa amekimbilia Marekani, ambako baadaye alikuwa mmoja wa waasisi wa tiba ya sanaa kwa watoto. Michoro ipatayo 4,500 ilifichwa katika masanduku mawili ikanusurika. Husimuliwa kama ushindi wa sanaa. Lakini Friedl aliuawa Auschwitz Oktoba 1944, na watoto wengi waliochora picha zile waliuawa pia. Rangi ziliwapa kitu cha thamani wakiwa hai. Hazikumlinda yeyote.

Nairobi tunalisahau hili kila siku. Mtoto anayechora saa nne asubuhi na kurudi saa saba kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi anacholala pamoja na anayemdhulumu ana haja ya kutolewa hatarini kabla ya kitu kingine chochote. Sheria ya Watoto ya 2022 inampa afisa wa watoto na mahakama uwezo wa kumwondoa. Kinachokwamisha ni kwamba mtuhumiwa ndiye analipa kodi ya nyumba, na mama ana watoto wengine wawili. Basi mtoto anapelekwa kwa shangazi Kayole, jambo linaloendana na mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unaotaka watoto walelewe katika familia kuliko vituoni. Mimi pia nauunga mkono mkakati huo. Ila tangu siku hiyo vikao vya Mathare vinakatika, kwa sababu shangazi hana nauli ya matatu mbili kwenda na mbili kurudi kila Jumanne, na hakuna aliyeiweka nauli hiyo kwenye bajeti. Matibabu ya watoto wangapi yamekufa kwa nauli? Ningependa mfadhili mmoja tu aliulize swali hilo kabla ya kuagiza fulana.

Watu hatuna uhaba nao kama inavyodhaniwa. Mji huu una wasanii waliozoea kukaa na watoto. Wajukuu Art Project wa Mukuru, kwa mfano, wameendesha madarasa ya sanaa ya watoto mtaani kwao, na mwaka 2022 kazi yao ilifika maonyesho ya documenta huko Kassel, Ujerumani, wakatunukiwa Tuzo ya Arnold Bode. Msanii si mtaalamu wa tiba na asijifanye. Lakini msanii anayeaminiwa na watoto, akiketi pamoja na mshauri nasaha aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014, ni timu ambayo Nairobi inaweza kuiunda kesho. Mtaala wa umilisi nao umeleta sanaa bunifu shuleni, pamoja na manung'uniko ya wazazi wanaotumwa vifaa usiku wa manane, kwa hiyo shule nyingi zina rangi na mwalimu asiyeziogopa. Jopokazi la afya ya akili lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 afya ya akili itangazwe janga la kitaifa. Kinachohitajika kwa mtoto wa Mukuru ni kidogo kuliko tangazo: mshahara wa mshauri kwa mwaka mzima, msimamizi anayeketi naye kila mwezi ili asije akaungua moyo, chumba, na hiyo nauli.

Limebaki suala la zile picha kwenye kamba. Mchoro uliochorwa kikaoni ni kumbukumbu ya matibabu, sawa na faili la hospitali, na mwenye nao ni mtoto. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi na maslahi ya mtoto kabla taarifa zake hazijashughulikiwa. Sioni ni maslahi gani ya mtoto yanayotimizwa mchoro wake wa chini ya kitanda ukiwekwa kwenye kalenda ya shirika, hata jina likifichwa. Mtaani jina halifichiki. Mwenzake wa darasa ataijua picha hiyo, na pengine aliyemdhulumu pia ataijua.

Kwa hiyo mwalimu mkuu akiletewa katoni za rangi na watu wachangamfu wenye barua ya kutaka kufanya tiba ya sanaa shuleni kwake, awakaribishe chai kisha awaulize. Nani kati yenu atarudi, siku gani, kwa muhula mzima au kwa leo tu? Michoro itafungiwa kwenye kabati gani, na ufunguo atakaa nao nani? Mtoto akitamka jina la mtu katikati ya kikao, nani atapigiwa simu mchana huo huo, na mtoto atalala wapi usiku? Wakibabaika kwenye swali la mwisho, apokee rangi, awape walimu wa sanaa, na kikao cha tiba akikatae.